Oili ya Mashine Yetu ya Kusaga
Ndugu wanakijiji, leo tuzungumze juu ya oili. Injini ikiishiwa oili hukwama, na akina mama watarudi kwenye kinu na mchi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hatujawasha, tuchomoe kijiti cha kupimia. Tukifute kwa kitambaa safi, tukirudishe mpaka mwisho, tukichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Kupita alama ya juu nako ni hasara, jamani.

Kisha tuandike daftarini tarehe na oili tuliyoongeza. Hapo ndipo kusoma kwetu kunafanya kazi! Wiki jana nusu lita, wiki hii lita nzima? Tuchungulie chini, pengine inavuja. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua ndani. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Tusiwashe, tumwite fundi.