Mikono Mitupu Siku ya Krismasi



Juma hili ukipita karibu na kituo cha mabasi kiitwacho Machakos, pale Nairobi, utaona jinsi watu walivyosongamana. Huyu amebeba godoro, yule ana mtungi wa mafuta ya kupikia, na mama amemfunga mtoto mgongoni huku mikate inapondeka kwapani. Nauli imepanda kama ipandavyo kila Desemba. Hata hivyo watu hawarudi nyuma, kwa maana Krismasi huliwa nyumbani. Wa Kakamega aenda Kakamega, na wa Siaya aenda Siaya.

Lakini leo nataka kusema na yule ambaye hayupo kituoni. Yeye yumo katika chumba chake cha kupanga, ameketi kitandani, anahesabu. Mwaka huu kibarua kilikatika. Akilipa nauli, hapati cha kununulia watoto nguo. Akinunua nguo, hana nauli. Tena karo ya Januari iko mlangoni. Basi ndugu huyu aona afadhali asiende. Jioni ya tarehe 24 atapiga simu na kusema kwamba mkubwa wake kazini amewanyima likizo. Atatuma pesa kidogo kwa simu, maana siku hizi pesa husafiri kuliko mwenyewe, kisha ataizima.

Simsemi aliyeacha mshahara wake baa. Huyo tutaongea naye siku nyingine. Namsema mtu mwema, apendaye watoto wake, ambaye anaona haya kuingia uani mikono mitupu huku kila jicho likimtazama mkobani.

Ndugu yangu, fungua Injili ya Luka, sura ya 2, mstari wa 24. Hapo pana jambo ambalo sisi wahubiri hulipita mbio tukiwakimbilia wachungaji na malaika. Yusufu na Mariamu walimpeleka mtoto hekaluni Yerusalemu, na Luka ataja sadaka ya ndege wawili. Sasa rudi kwenye Walawi 12. Sheria ilimtaka mama aliyejifungua mwana wa kiume alete, siku zake 40 zikiisha, mwana-kondoo wa mwaka mmoja pamoja na ndege mmoja. Yule asiyeweza kupata mwana-kondoo aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa.

Umeona? Mtu wa ukoo wa Daudi aliingia hekaluni na sadaka ya maskini, mbele ya watu ambao kila mmoja alijua maana yake. Angaliweza kusema, “Tungoje mpaka tupate kondoo.” Hakungoja. Wala sidhani Mariamu aliyajua mambo ya ndege pale mlangoni. Naamini walikuwa wameyazungumza nyumbani. Na siku hiyo hiyo mzee Simeoni hakuuliza kondoo yuko wapi. Alimpokea mtoto mikononi mwake akamsifu Mungu.

Basi mpigie mkeo simu leo, lakini umwambie kweli: “Mama watoto, nina nauli, sukari na majani ya chai. Nguo hakuna.” Kisha panda basi.

Nawe mama, utakapoyasikia maneno hayo, usimpime kwa mume wa jirani. Mwanamume akiambiwa mara moja tu, “Wenzako wameleta,” mwaka ujao hutamwona. Waambie watoto mapema kwamba mwaka huu wataenda kanisani na nguo zile zile, zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi. Mtoto aliyeambiwa mapema hunung'unika siku moja akanyamaza. Anayelia asubuhi ya sikukuu ni yule aliyeahidiwa.

Pakiti moja ya unga wa ngano ya kilo 2 hutoa chapati zaidi ya ishirini. Baba na awashe moto yeye mwenyewe, watoto wakande unga, na nyanya awasimulie Krismasi za utoto wake. Ibada ikiisha, baba na aangalie madaftari ya watoto, na kesho yake atengeneze lile paa la jikoni linalovuja tangu mvua za Aprili. Na kama kuna mzee jirani asiyejiwa na mtu, mtoto mmoja ampelekee chapati mbili na chai.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyeletwa hekaluni na wazazi wasioweza kununua mwana-kondoo, mtazame ndugu yetu aliyeketi peke yake chumbani. Mwondolee woga, umfungue kinywa aseme na mkewe. Mpe mkewe masikio ya upole. Walinde madereva na abiria wote walio njiani, wafike salama. Amina.