KUMALIZA SAFARI NI NINI?

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa na ndugu mmoja, mwalimu, mbele ya mkutano wa vijana, baada ya kuendesha baiskeli peke yake kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma katika mwezi wa Julai 2024. Tunaichapisha kwa manufaa ya wasomaji wetu.)



Tangu niliporudi nimeulizwa maswali mengi, na karibu yote yanahusu mwanzo wa safari na katikati yake. Je, uliogopa? Ulilala wapi? Pancha ngapi? Lakini kijana mmoja aliniuliza swali lililo zito kuliko hayo yote, akasema: "Mwalimu, una hakika kwamba umemaliza?" Leo nataka kulijibu swali hilo.

Kwanza tuitazame barabara yenyewe. Mwezi wa Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia isiyo na bahari ilijikuta imebanwa, kwa kuwa mafuta na bidhaa zake zilipitia kusini. Hapo malori yakaanza kubeba mafuta kutoka bandari ya Dar es Salaam kwa njia ya vumbi na matope, iliyoua watu wengi hata ikaitwa njia ya Jahanamu. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, lami ikawekwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Hivyo basi, barabara hii ilijengwa kwa ajili ya malori, na hadi leo ni ya malori. Mwenye baiskeli ni mgeni humo, na mgeni hana budi kuwa na adabu.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni takriban kilomita 930. Nilizipita kwa siku 14, mbili kati yake zikiwa za mapumziko. Baiskeli yangu ni ya kawaida, yenye kerea ya nyuma. Nilichukua tyubu mbili za akiba, pampu, viraka na gundi, spoku chache, nguo nzito moja, na kitambaa chekundu kilichofungwa nyuma ili madereva wanione tangu mbali.

Siku za mwanzo, kupitia Kibaha na Chalinze hadi Morogoro, ni shule ya masikio. Msafiri hujifunza kulitambua lori kwa mngurumo wake kabla halijafika, na kushuka pembeni mapema. Hujifunza pia kuyasoma majani: akiona matawi mabichi yamewekwa barabarani, ajue mbele kuna gari lililoharibika, na kwamba magari yatahama upande wao. Alama hiyo haikuandikwa na mtu yeyote, lakini imeokoa roho nyingi, ya kwangu ikiwa mojawapo.

Baada ya Doma barabara inaingia katika Hifadhi ya Mikumi, na kwa takriban kilomita 50 inapita katikati ya makao ya simba, tembo na nyati. Hapo nilisimama. Dereva wa lori na utingo wake walinipakilia baiskeli juu ya magunia, wakaniteremsha mjini Mikumi, wakakataa malipo. Nitarudi kwenye jambo hili, kwani ndipo ulipo mzizi wa lile swali.

Kutoka Mikumi unashuka hadi bonde la mibuyu na Ruaha Mbuyuni, mahali pa joto na vitunguu. Kisha unaukabili mlima Kitonga. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, jabali upande mmoja, korongo upande wa pili. Malori yaliyopakia huupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na yanayoteremka hutoa harufu ya breki zilizoungua. Kipande kirefu cha mlima huo niliikokota baiskeli kwa miguu. Niliacha kutazama kilele, nikawa natazama jiwe lililo mbele yangu, kisha jiwe lililofuata. Bandu bandu huisha gogo. Nilipofika Ilula, mama mmoja muuza nyanya alinipa kigoda nikae kivulini, wala hakuniuliza jina wala dini yangu.

Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia hapo adui si joto tena. Asubuhi ya Julai huko Mafinga, karibu na misonobari ya Sao Hill, vidole viligoma kushika breki. Makambako barabara inakutana na reli, kisha Igawa, Chimala, Igurusi, Uyole na Mbeya. Baada ya hapo ni miteremko ya Iwambi na Mbalizi, ambako niliteremka taratibu, breki mkononi. Kisha Vwawa, na mwisho Tunduma.

Na Tunduma ndugu zangu, hapakuwa na utepe wala ngoma. Palikuwa na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, na wabadilisha fedha wanaoita wateja. Muuza chai mmoja aliniuliza naelekea wapi. Nikamjibu, "Nimekwisha fika." Akanitazama, akanimiminia chai. Sherehe yote ilikuwa hiyo.

Sasa nilijibu swali. Nimemaliza au sikumaliza?

Jambo la kwanza ni ukweli wa hesabu. Katika kilomita zile 930, takriban 50 nilizipita ndani ya gari, na kipande cha Kitonga kwa miguu. Rafiki zangu wameniambia, "Nyamaza tu kuhusu Mikumi, nani alikuona?" La hasha! Mbele yangu wamekaa vijana ambao mwaka kesho watataka kufanya safari hii hii. Nikiwaambia kwamba niliendesha baiskeli kutoka mwanzo hadi mwisho, kijana mmoja atafika Doma jioni, atamkumbuka mwalimu wake, naye ataingia peke yake porini. Uwongo wa msafiri ni ramani mbovu, na anayeufuata ndiye anayepotea, si aliyeutunga. Kwa hiyo nawaambieni wazi: mahali pale pandeni gari. Safari yenye kasoro inayosimuliwa kwa ukweli ni bora kuliko safari kamili ya uwongo.

Jambo la pili ni deni. Niliondoka peke yangu, lakini sikufika peke yangu. Yuko fundi aliyeninyoshea rimu bila kuangalia saa, yuko mzee aliyenipa chumba cha mwanawe, wako utingo na dereva wake. Deni la namna hii hulipwi kwa yule aliyekukopesha, maana huenda hamtaonana tena duniani. Hulipwa kwa msafiri mwingine atakayebisha hodi mlangoni kwako akiwa na vumbi.

Jambo la tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Mimi nilikuwa mgeni wa barabara ile kwa siku 14, nikarudi nyumbani. Lakini kila siku niliwapita watu wasioiita safari: wachukuzi wa mkaa waliojifunga magunia mawili hadi matatu, wanafunzi waliopakizana, mama aliyebeba mtoto mgongoni. Hao hawana kitambaa chekundu wala taa. Lori likipiga honi hushuka kwenye changarawe, kisha hupanda tena, maisha yao yote. Hakuna anayewapigia makofi.

Basi nawaomba mambo mawili mepesi. Wenye magari, mkimkuta mtu wa baiskeli mbele na gari linakuja upande wa pili, subirini nyuma yake, nusu dakika haitawafilisi. Na penye kibao cha kilomita 50 kwa saa, iwe 50 kweli. Nanyi vijana, kabla hamjaniomba ramani ya kwenda Tunduma, kila mmoja anunue kiakisi-mwanga kimoja, akifunge nyuma ya baiskeli ya jirani yake anayerudi shambani magharibi. Mkifanya hivyo, nami nitathubutu kumjibu kijana yule kwamba safari yangu imekwisha.

Mwenyezi Mungu awalinde wote walio njiani. Amin.