Msanii wa Porini Naye Apewe Jembe

Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya wananchi wa Kigera, Musoma, juu ya shauri la kutenga kipande cha pori kiwe mahali pa wasanii kukaa na kufanya kazi.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma:

Nimeombwa niseme machache. Nitajitahidi yawe machache kweli, maana jua limepanda, na wako watu hapa ambao nyavu zao zinawangoja.

Shauri lililotukutanisha ni hili: Je, tuwape wasanii sehemu ya pori letu, wajenge vibanda vya kazi, waje wakae mwezi mmoja au mitatu, wachonge, wachore na kufinyanga, kisha waende zao na kuja wengine? Nimesikia majibu ya namna mbili. Wako wanaosema, "Hao hawana kazi. Mtu mzima anakaa chini ya mti anachora ndege, na sisi tunalima!" Na wako wanaosema, "Waje tu, wageni huleta fedha." Mimi nasema pande zote mbili zimekosea, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, hili la kusema kuwa hiyo si kazi. Mtazameni fundi wa litungu kwa ndugu zetu Wakurya. Anachonga mti, anauwamba ngozi, anavuta nyuzi nane, anasikiliza, anakaza, anasikiliza tena, mpaka zikubaliane. Hiyo si kazi? Mama anayefinyanga chungu huku kwetu ziwani anaujua kwa vidole udongo utakaopasuka motoni na udongo utakaovumilia. Huo si ujuzi? Hao ndio wasanii. Tulikuwa nao kabla jina hilo halijaanza kuandikwa magazetini.

Wala mtu asituambie kwamba kufanya sanaa porini ni jambo geni. Kondoa kuna michoro katika mapango na chini ya miamba, kazi ya watu wa kale sana, na mwaka 2006 dunia iliihesabu kuwa urithi wa watu wote. Hapa jirani, Serengeti, katika miamba ya Moru, morani wa Kimasai walichora ngao zao kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Hakuna aliyewajengea jumba. Pori ndilo lililokuwa karakana yao.

Sasa nije kwa hawa wanaosema wageni huleta fedha. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema siku ya tatu mtoze kodi. Walitaka mgeni awe mtu wa nyumbani, ajasho pamoja na wenyeji. Tukiwajengea wasanii uzio, na vijana wetu kazi yao ikawa kuchota maji na kulinda lango, basi fedha zitakuja, ndiyo, lakini sisi ndio tutakaokuwa wageni hapa Kigera.

Nina kosa langu la kuwaambieni. Marehemu baba yangu aliniachia kigoda, kazi ya fundi mmoja wa huku. Mwaka mmoja wa njaa akapita mchuuzi, nikamwuzia kwa bei ya debe la mahindi. Silaumu njaa wala simlaumu mchuuzi. Nilijisemea, nikipata fedha nitachongesha kingine. Fedha nilizipata. Nikamtafuta fundi, nikaambiwa amekwisha kufa. Nikauliza, nani alijifunza kwake? Hakuna. Ndugu zangu, siku ile ndipo nilipotambua kwamba hatukuwa tumepoteza kigoda tu.

Linganisheni na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vibao, kwa rangi za kupakia baiskeli, akiuza kandokando ya duka huko Oyster Bay, Dar es Salaam. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa makosa, akafa. Miaka minne tu ya kazi! Lakini alikuwa amewafundisha ndugu na rafiki zake. Hao wakaendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Mtu amekufa, ufundi haukufa. Tofauti ya Tingatinga na yule fundi wangu wa kigoda ni wanafunzi, basi.

Tutazame na nchi za wenzetu. Mwaka 1966, huko Zimbabwe, ambayo wakati huo ikiitwa Rhodesia, palikuwa na shamba la tumbaku liitwalo Tengenenge. Tumbaku ilikosa soko, kwa sababu serikali ya walowezi ilikuwa imewekewa vikwazo. Mwenye shamba, Tom Blomefield, akawaacha vibarua wachonge mawe magumu ya vilima vya pale. Walikuwamo watu wa Malawi, Angola na Msumbiji. Bernard Matemera alikuwa dereva wa trekta. Akawa mchongaji anayejulikana hadi Ulaya. Hapo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, kipaji kimo katika mikono ya kibarua kama kilivyomo katika mikono ya msomi. La pili, mawe yalikuwa ya nchi, mikono ilikuwa ya wafanyakazi, lakini ardhi ilikuwa ya mtu mmoja. La kwanza tulichukue. La pili tulikatae.

Na ndugu yetu Elimo Njau, mtu wa Marangu, aliyesoma Makerere, mwaka 1965 alishiriki na wenzake kuanzisha Paa ya Paa huko Nairobi. Baadaye pakahamia nje ya mji, penye miti, wasanii wakaja kukaa na kufanya kazi. Mwaka 1997 moto ukateketeza picha na vitabu. Wakaanza tena. Mahali penye watu huweza kuanza tena. Mahali penye majengo matupu hubaki majivu.

Lakini pori peke yake halitoshi. Ng'ambo ya maji haya, Ukerewe, mzee Aniceti Kitereza alimaliza kuandika kitabu kikubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Alingoja miaka 35 hivi kabla hakijachapwa, na mwaka 1981 akafariki. Utulivu wa kuandika alikuwa nao. Alichokosa ni njia ya kuitoa kazi yake kisiwani.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naunga mkono shauri hili kwa masharti manne. Ardhi ibaki ya kijiji, isiwe ya mtu. Kila msanii anayekuja afanye kazi bega kwa bega na vijana wawili wa Kigera, na wasichana wasisahauliwe. Anayekata mti apande na kuutunza, kwa maana pori likiisha, karakana imefungwa. Na kila kazi ya kijana wetu itafutiwe njia ya kufika sokoni ikiwa na jina lake.

Masharti hayo yakikubaliwa, nitanyosha mkono wangu. Yakikataliwa, sitaunyosha, hata mgeni akija na gunia la fedha. Jembe la mchongaji ni patasi. Tumpe mgeni patasi yake siku ya tatu, na pembeni yake akae mtoto wa hapa, naye ameshika ya kwake.