Jua ni la Mungu, Kodi ni ya Bunge
(Hotuba kwa wanaharakati na waumini, Kisumu)



Usiku usio na mbalamwezi, ziwa letu hung'aa kwa taa za wavuvi wa omena. Miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai, na mvuvi alilipia mafuta ya taa kabla hajapata hata samaki mmoja. Leo wapo wanaovua kwa taa za betri zilizochajiwa kwa jua.

Jua hatulinunui, lakini gharama ya kulitumia huamuliwa na sheria. Mwaka 2013 vifaa vya umeme wa jua vilitozwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Mwaka 2014 Bunge likaiondoa. Mwaka 2020 ikarudishwa, asilimia 14. Mwaka 2021 ikaondolewa tena. Je, ni mvuvi gani aliyeulizwa?

Tena, Sheria ya Kawi ya 2019 ilimruhusu mwenye mtambo wa jua kuingiza umeme wa ziada katika gridi na kupunguziwa bili. Kanuni za utekelezaji zilichapishwa mwaka 2024. Haki iliyofungiwa kabatini miaka mitano haiwashi taa.

Mahitaji ya umeme yanaongezeka, na wengi wetu tunakumbuka mgao wa mwaka 2000, ukame ulipopunguza maji ya mabwawa. Hata mtambo wetu wa Sondu Miriu hutegemea mto. Lakini kiangazi kinachopunguza maji hakipunguzi jua. Tukitumia umeme wa jua mchana, maji ya mabwawa yatahifadhiwa kwa jioni, wakati matumizi yanapopanda.

Ndugu zangu, wazazi wetu walipopigania vyama vingi hadi kifungu cha 2A kikafutwa mwaka 1991, walidai kusikizwa. Katiba ya 2010, Ibara ya 118, inalilazimu Bunge kushirikisha wananchi. Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti usambazaji wa umeme. Basi Mswada wa Fedha unapotangazwa, kila parokia na kila kikundi cha ufuoni kiusome, kiandike maoni na kuyawasilisha. Wawakilishi wetu katika bunge la kaunti nao waulizwe hadharani: zahanati za visiwani zitapata umeme lini, na kwa fedha zipi?

Anayenyamaza wakati wa mswada asilalamike wakati wa kodi.