Ndani Hapapakwi Rangi

Somo: Mathayo 23:25-28

 

Leo sisi wa komite tunaungama jambo mbele yenu. Moteri ya gari la zamani la kanisa, ile Land Rover mnayoijua, ilipofunguliwa, tulikuwa garajini kila siku. Fundi aliosha kila chuma kwa esansi, akakwangua kutu kwa brosi ya waya, akasugua kwa msasa, akakausha. Alituambia rangi haishiki juu ya mafuta. Ukipaka juu ya uchafu, itabanduka. Kisha alifunika kwa karatasi nyuso zote ambapo chuma hukutana na chuma, ndipo akapaka rangi nyembamba, mara mbili, mara tatu. Penye kutokea moshi aliweka rangi nyingine ya kuvumilia moto mkali, maana ile ya kawaida huungua.

Lakini katika kuosha, kulasi ilionyesha ufa, mwembamba kama unywele. Fundi alisema ipelekwe Butembo, au itafutwe nyingine. Kongamano lilikuwa limebakiza siku nne, na feza ilikuwa imekwisha. Tukasema: "Paka rangi, funga, wageni wasione." Alikataa mara mbili. Sisi tukamlazimisha.

Jumapili watu walifungua boneti, wakaona moteri inang'aa, wakamshukuru Mungu. Tukapokea pongezi.

Siku tisa baadaye gari lilibeba mama mjamzito kwenda Beni. Moteri ikachemka, maji yakatoka palepale penye ufa, gari likasimama. Mama alizalia kando ya barabara, usiku, akina mama wawili wakimstiri kwa vitenge. Njia hiyo mnaijua. Si mahali pa kulala. Mungu alirehemu, mama na mtoto ni wazima. Lakini rehema ya Mungu haigeuzi kosa letu kuwa haki.

Ndugu na dada, rangi si dhambi. Inalinda chuma kisiliwe na kutu. Dhambi ni rangi inayopakwa ili ufa usionekane. Bwana Yesu aliwaambia Mafarisayo waanze kusafisha kikombe kwa ndani. Na Ezekieli, sura ya 13, anasema juu ya ukuta dhaifu uliopakwa chokaa: mvua itakuja, nao utaanguka. Kwa ukuta ni mvua, kwa moteri ni joto. Na wewe, siku ya joto lako inakuja.

Jambo moja tena la garajini. Fundi wetu hapaki rangi ndani ya moteri. Ikibanduka humo, inaingia katika mafuta, inaziba njia zake, na vyuma vinakwama. Ndani hapapakwi rangi, ndani huoshwa. Ndugu ambaye hamsemezani na jirani yako tangu mwaka jana, lakini unaimba kwa sauti kubwa: utapaka mpaka lini? Damu ya Yesu haifuniki ufa ili ubaki. Inaosha.

Tumekwenda kwa yule mama kuomba msamaha. Tumekwenda kwa fundi pia. Kulasi imetolewa, rangi yote imekwanguliwa, na gari bado limesimama. Halipendezi. Lakini sasa kila mtu anaona ufa ulipo, na kazi inaweza kuanza.

Tuombe. Ee Bwana, utufungue, utuoshe kwanza. Amina.