Punda Anapokufa Akizaa
Mazungumzo na wenye punda wa visiwa vya Lamu

 

Upo msiba ambao watu wa Amu huuona lakini hawauzungumzi. Mwenye punda hufika barazani asubuhi, akaulizwa mbona leo haonekani pwani, naye hujibu kwa maneno matatu: "Yule jike kafa." Wapo wa kumpa pole. Wapo wa kuuliza kama mtoto kapona. Na hakosi mmoja wa kucheka na kusema punda ni punda, asante yake ni mateke. Mwenyewe humaliza kahawa yake akaondoka. Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu huyo.

Katika mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari, punda ndiye anayepandisha mchanga, saruji na mawe kutoka bandarini hadi mitaa ya juu, na ndiye anayeshusha takataka. UNESCO iliutia Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wageni huja kumpiga picha punda huyo. Lakini thamani yake inajulikana na yule anayelipa karo kwa mgongo wake. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima, mara nyingine hadi miezi 14. Kwa hiyo usiku mmoja ukiharibika, mtu hupoteza mnyama anayemlisha sasa na yule aliyekuwa akimtarajia amlishe kesho. Anayesema huyu halii kitu hajapata kuwa na punda.

Jambo linalomsumbua zaidi aliyefiwa ni swali: je, ni kosa langu? Swali hili linastahili jibu la kweli, maana "ni kudra ya Mola" peke yake haimtoshi mtu anayelala akiwaza kamba, mzigo na saa.

Watu wengi wa visiwani wamezoea kuzalisha mbuzi na ng'ombe. Ng'ombe akikwama, pana muda wa kutafuta msaada, pengine saa kadhaa. Punda hana muda huo. Yeye na farasi wameumbwa kuzaa haraka: chupa ikishapasuka, mtoto hutoka ndani ya kama nusu saa, kwa kawaida usiku watu wamelala. Zinatangulia kwato mbili za mbele, moja mbele kidogo ya nyingine, kisha pua imelala juu ya miguu. Ikiwa kichwa kimegeukia nyuma au mguu mmoja umekunjika, kondo la nyuma huanza kubanduka mtoto angali ndani, na hapo hewa yake imekatika. Wakati mwingine badala ya ile ngozi nyeupe hutokea kwanza utando mwekundu kama mahameli. Hiyo ni dalili kwamba kondo limebanduka mapema, na dakika zinahesabika. Mapacha nao, ambao kwa mbuzi ni furaha, kwa punda mara nyingi ni hasara, kwa sababu tumbo lake ni la kulea mmoja.

Sasa mtu aweke hesabu hiyo karibu na ramani ya visiwa hivi. Hospitali ya punda iliyofunguliwa na shirika la The Donkey Sanctuary mwaka 1987 iko mjini Amu. Punda anayekwama saa nane za usiku huko Faza au Siyu, mashua ikiwa imepweleka na mkanda wa Manda umekupwa, hapati daktari ndani ya nusu saa hata mwenyewe angekuwa na fedha za dunia nzima. Vifo vingi vya namna hii havina mkosaji. Aliyefanya alivyoweza gizani, na taa ya simu mkononi, hana haja ya kujishitaki.

Hata hivyo si haki kusema kwamba hakuna kinachoweza kufanywa. Yapo mambo mawili yanayoua ambayo yamo mikononi mwa watu. La kwanza ni kumbebesha jike mzigo mzito katika miezi mitatu ya mwisho. La pili ni kuvuta kwa kamba, wanaume wanne upande mmoja, mtoto akiwa amekaa vibaya. Kuvuta huko hupasua uzazi na kumwua mama aliyeweza kupona. Mwenye jike mwenye mimba na awe na nambari ya afisa wa mifugo kwenye simu yake kabla ya mwezi wa kumi, ili wakati ukifika aelekezwe kwa simu wakati anamsubiri. Aliyekwisha kukosea kwa kutojua, sasa amejua, na linamtosha.

Baada ya kifo, wapo punda waliobaki zizini. Punda hushikamana na mwenzake kwa namna ambayo wengi hawaitilii maanani hadi mmoja aondoke. Akitolewa mzoga haraka, aliyebaki hulia, huzunguka akimtafuta, na anaweza kugoma kula. Huo si ukaidi wala deko. Punda asiyekula siku moja au mbili, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyajaza katika damu, hadi ini likashindwa kufanya kazi. Huzuni humwua kweli, na jike mwenye mimba ndiye aliye hatarini zaidi. Kwa hiyo mwenzake aachwe karibu na mzoga saa chache. Atanusa, atasukuma kwa pua, kisha atageuka mwenyewe aende zake. Akishageuka ndipo mzoga uondolewe. Siku zinazofuata atazamwe anachokula kwa macho, maana punda mgonjwa hukaa kwenye majani akijifanya anakula.

Mzoga usitupwe baharini. Maji yakijaa utarudi pwani kwa jirani. Uzikwe kwenye kina, mbali na visima, na kamwe usizikwe kwenye vilima vya mchanga vya Shela, kwani maji ya mji yanatoka chini ya mchanga ule. Na akija mtu kutaka ngozi, akataliwe. Mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, baada ya biashara hiyo kumaliza punda katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo.

Ikiwa mama amekufa na mtoto yu hai, huzuni itangoja. Mtoto wa punda huzaliwa bila kinga mwilini. Kinga yote imo kwenye dang'a, na tumbo lake huweza kuipokea kwa saa za mwanzo tu; baada ya siku moja mlango huo umefungwa. Mama aliyekufa sasa hivi anaweza bado kukamuliwa, ingawa ni kazi nzito kwa moyo. Maziwa ya ng'ombe yasipewe hivi hivi: ya punda yana mafuta kidogo na sukari zaidi, yakaribiana na ya binadamu, na ya ng'ombe humharishia mtoto. Daktari ataeleza namna ya kuyachanganya. Katika siku za mwanzo hunyonyeshwa kila saa moja au mbili, mchana na usiku, kwa hiyo familia igawane zamu, na taarifa ifike hospitalini upesi, kwani pengine katika kisiwa kingine yupo jike aliyepoteza mtoto juzi na maziwa yanamwuma.

Jike huyo, aliyefiwa na mtoto akabaki yeye, naye asahauliwe kuwa mzima kwa sababu tu amesimama. Kondo la nyuma likipita saa tatu halijatoka, aitwe daktari; lisivutwe. Chuchu zikivimba na kuwa moto, vilevile. Apumzishwe majuma kadhaa kabla ya kurudi kwenye shogi. Anaweza kutaka dume ndani ya juma moja au mawili, na wapo watakaoshauri apandishwe haraka ili hasara irudi. Asipandishwe kabla ya kuchunguzwa, maana uzazi ulioumia hushika mimba ukaitoa, au ukamrudisha mwenyewe usiku ule ule wa mwaka uliopita.

Kuhusu kununua mwingine, fedha za kukopa katika juma la msiba hununua punda mbaya. Mtu mwenye huzuni haangalii meno wala kwato. Jirani mwenye punda wawili anaweza kukubali kugawana kazi kwa mwezi mmoja, na desturi hiyo ya kusaidiana si ngeni Langoni wala Matondoni.

Watoto waambiwe ukweli. Mara nyingi mtoto wa nyumba ndiye aliyekuwa akimpelekea jike maganda ya embe na kuhesabu miezi. Akiambiwa kauzwa Mokowe, atamtafuta kila anapovuka.

Hospitali ya punda iko ufukweni Amu, na maafisa wa mifugo wa kaunti hupatikana kupitia ofisi za wadi. Mwenye jike aliyefikisha miezi tisa anaombwa aandikishe sasa, kabla ya kusi kuanza na bahari kuchafuka.