Wanga Unaoingia Damuni na Wanga Unaobaki: Mada kwa Wahudumu wa Afya wa Kuluva

Mnamo Oktoba 1961 Dkt. Ted Williams wa hapa Kuluva aliondoka Kampala kwa gari pamoja na Denis Burkitt na Cliff Nelson. Walisafiri kilomita 16,000 hivi, hadi Afrika Kusini, wakiulizia kila hospitali kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto. Saratani hiyo leo inaitwa kwa jina la Burkitt, na historia hiyo tunaijua. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba Burkitt huyohuyo, baada ya kurejea Uingereza, aligeukia choo cha wanakijiji wa Uganda. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kwamba wanakijiji hao walitoa wastani wa gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa saa 36 hivi. Kwa mabaharia wa kivita wa Uingereza na wake zao ilikuwa gramu 104 na saa 83. Waliona kuwa chanzo kikubwa cha tofauti hiyo ni nyuzinyuzi, sehemu ya wanga tusiyoimeng'enya.

Tuanze na ile tunayoimeng'enya. Enyasa, ugali wetu, inaposongwa, maji ya moto huvimbisha chembe za wanga, nazo zikalainika. Zikiwa mbichi, vimeng'enya hupata shida kuzipenya. Mdomoni amilesi ya mate huanza kuukata wanga, kisha asidi ya tumbo huisimamisha. Kazi kubwa hufanywa na amilesi ya kongosho katika utumbo mwembamba. Vipande vinavyosalia, pamoja na sukari ya chai na laktozi ya maziwa, hukatwa na vimeng'enya vilivyoshikamana na ukuta wenyewe wa utumbo. Mwishowe hupatikana glukosi, galaktozi na fruktozi, na hizo tu ndizo zinazofyonzwa na kupelekwa kwenye ini.

Hapa naomba tutulie kidogo. Glukosi huingia kwenye seli za utumbo ikiwa pamoja na sodiamu, na maji hufuata. Njia hii huendelea kufanya kazi hata mtoto akiwa anaharisha vibaya, na ndiyo siri ya ORS, mchanganyiko wa kurudishia mwili maji: tangu 2002 kila lita ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na chumvi nyingine. Soda haifai kuwa badala yake. Sukari yake ni nyingi mno, huvuta maji kuyaingiza utumboni, na kuhara huzidi. Mama anayempa mtoto soda kwa upendo anahitaji kuelezwa hivyo kwa upole.

Kinachobaki hufika utumbo mpana: nyuzinyuzi, na wanga ulioponyoka vimeng'enya, kama ule unaojitokeza enyasa inapopoa ikawa kiporo. Bakteria hukichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Si kila ugonjwa ambao Burkitt aliuhusisha na upungufu wa nyuzinyuzi umethibitika, lakini kuhusu saratani ya utumbo mpana ushahidi uko upande wake.

Kwa kuwa wanga si wa aina moja, ushauri wa "acha wanga" kwa mgonjwa wa kisukari naona ni mbovu. Unga wa muhogo uliomenywa una nyuzinyuzi chache; mtama na wimbi usiokobolewa ndio unaoziongeza, na maharage na mboga za majani zaidi. Posho nyeupe pamoja na soda huingiza glukosi damuni haraka.

Mnapompokea mgonjwa wa kisukari au wa choo kigumu, muulizeni anatumia unga gani, umekobolewa au la, anakula na mboga gani, na kiasi gani kwa mlo. Andikeni majibu hayo kwenye faili lake.